Selimundu na Siri Iliyomo Ndani ya Chembe ya Damu

Mwezi wa Julai mwaka uliopita ndugu zetu wa Kitale walituita tukawasomeshe darasa kwa siku tatu, na wa Bungoma nao wakataka siku mbili. Tuliporejea, wengi walituuliza habari za safari. Nyingi katika hizo si za kuandikwa katika karatasi hizi. Ila liko jambo moja ambalo tumeona ni dhulma kulinyamazia, kwani limeigusa nyumba moja huko bara, na hapana shaka lagusa nyumba nyingi hapa petu pwani ambazo zenyewe hazijijui.

Usiku wa pili Kitale, baada ya sala ya Isha, alitujia bwana mmoja muuza nguo, asili yake Mombasa. Alikuja na karatasi na kalamu, akataka tumwandikie talaka. Tukamwuliza sababu. Akasema mkewe ni Mwislamu wa Bungoma, wamezaa watoto watatu. Wa kwanza alikufa akiwa na miaka miwili. Wa pili ni mzima. Wa tatu, mwana wa kiume wa miaka sita, haupiti mwezi ila yu kitandani: mifupa yamwuma hata apiga kelele usiku kucha, macho yamegeuka manjano, na damu yampungua. Hospitalini walisema ni selimundu, maradhi ambayo wengine huyaita siko seli. Na mamake bwana huyu, kule Mombasa, amemwambia kwamba mwanamke yule amekuja na damu mbovu ya kwao, basi na amuache aoe pwani. "Shehe, sisi kwetu hatuna maradhi haya," akasema.

Hatukumwandikia. Tulimwambia: "Ndugu yangu, sisi tumesoma fiqhi, hatukusoma damu. Kesho kutwa twashuka Bungoma. Njoo na mkeo na mtoto, tuwaulize wanaojua. Na talaka, ikiwa ni haki yako, haitaoza kwa siku mbili."

Kitale iko juu, kiasi cha mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya Julai huko mtu wa pwani huijua kwa meno yake. Asubuhi ya safari mke wa bwana yule alikuwa ameshika chupa ya mafuta ya nazi aliyoletewa kutoka Mombasa. Yameganda yakawa meupe kama nta, wala hayamiminiki. Tukapita Kiminini, tukapita Webuye, na tulipowasili Bungoma, ambako ni chini kwa kiasi cha mita 500 na jua lake ni kali, mafuta yale yalikuwa maji matupu, yanang'aa ndani ya chupa. Hakuna kilichotiwa wala kilichotolewa. Ni mafuta yaleyale. Kilichobadilika ni mpangilio wake wa ndani. Tafadhali, msomaji, iweke habari ya chupa hii akilini, tutairejea.

Pale Bungoma tulimpata bwana mmoja wa maabara, kijana mwenye adabu na subira. Alichukua tone la damu ya mtoto, na tone la damu ya mama, na baba naye akatoa kidole chake kwa hiari, kwa kuwa alitaka ushahidi. Kila tone aliliweka juu ya kipande cha kioo, akalitazamisha kwanza kama lilivyo. Kwa hadubini chembe nyekundu za damu zaonekana kama vitumbua vilivyobonyea katikati, mviringo safi. Katika damu ya mtoto tuliona chache zilizopinda tangu mwanzo. Kisha akatia dawa ambayo huinyang'anya damu hewa yake ya oksijeni, akafunika kioo, akasema tungoje.

Tulipotazama tena, vitumbua vya mtoto vilikuwa vimekwisha umbo. Vingine vimekuwa vyembamba na vimepinda kama mundu wa kukatia nyasi, na ndipo jina la selimundu lilipotoka; vingine vimechongoka kama majani. Akaleta kioo cha mama: na humo mna mundu. Mume akatikisa kichwa, kana kwamba kesi imekwisha. Akaleta kioo cha tatu. Bwana yule akainama akatazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Na huyu ni nani?" Kijana akajibu, "Huyu ni wewe, mzee."

Sasa tuyaeleze yale tuliyofunzwa pale, pamoja na yale tuliyoyasoma baadaye, kwa kadiri ya ufahamu wetu.

Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa chembe ndogo sana, ambazo wataalamu huziita seli. Chembe nyingi ni kama nyumba yenye vyumba: pana chumba cha kuhifadhi nasaba, pana jiko la kutengeneza nguvu, pana njia za kupitishia mizigo. Chembe nyekundu ya damu yatofautiana na hizo. Inapokomaa hutoa vyombo vyake vyote nje, ikabaki ni mfuko laini uliojaa kitu kimoja, nacho ni hemoglobini, ile protini inayobeba oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini. Katika chembe moja tu mna hemoglobini kiasi cha milioni 270. Zimesongamana mno, kwani kiasi cha theluthi ya uzito wa chembe ni hemoglobini. Na ajabu ni hii, kwamba pamoja na msongamano huo kila moja yateleza kando ya mwenziwe, hazishikani, na mfuko wote wabaki laini hata waweza kujikunja na kupenya katika mishipa ambayo ni myembamba kuliko chembe yenyewe.

Hemoglobini moja ina minyororo minne, na minyororo hiyo kwa jumla ina pete 574 ziitwazo asidi amino. Mwaka 1949 mwanachuoni wa Marekani, Linus Pauling, na wenzake walionyesha kwamba hemoglobini ya mwenye selimundu si sawa na ya watu wengine, nayo yajulikana kwa mwendo wake inapopitishwa katika umeme. Mwaka 1956 Vernon Ingram, aliyekuwa Cambridge, akaanza kuonyesha tofauti yenyewe iko wapi: ni pete moja tu. Katika mnyororo wa namna ya beta, wenye pete 146, pete ya sita imebadilishwa. Iliyokuwako ilipenda maji. Iliyowekwa mahali pake yakimbia maji. Kwa kuwa minyororo ya beta ni miwili, ni pete mbili katika 574. Mtu aliyezoea kuhesabu herufi ataelewa: kitabu kizima ni sahihi, ila herufi moja imekosewa, na kosa lenyewe larudiwa kila nakala.

Na hiyo pete moja yafanya nini? Hemoglobini ikiwa imebeba oksijeni, haina madhara. Ikishaitoa oksijeni mwilini, umbo lake hubadilika kidogo, na ubavuni mwake hutokea kishimo ambacho ile pete ya jirani, inayokimbia maji, huingia humo barabara kama kifungo katika tundu lake. Moja humshika wa pili, na wa pili humshika wa tatu. Hujipanga safu, na safu 14 husokotana zikawa uzi mmoja mgumu, na nyuzi hizo hukua mpaka zikausukuma ukuta wa chembe kutoka ndani. Ndiyo sababu chembe hupinda. Mundu tuliouona kwenye kioo ni hema lililoinuliwa na nguzo zake. Basi yale maneno ya "damu mbovu" na "damu chafu" hayana mahali. Hakuna uchafu ulioingia. Kitu kilekile ambacho kikitawanyika ni uhai, kikijipanga safu ni maradhi.

Lakini tukafahamishwa jambo jingine, nalo ndilo lenye manufaa makubwa kwa wazazi. Nyuzi hizo hazianzi papo hapo. Pana muda wa kungoja kati ya kuondoka kwa oksijeni na kuanza kwa uzi wa kwanza. Chembe hupita katika mishipa myembamba kwa muda wa sekunde chache, kisha hurudi mapafuni ikapata oksijeni tena. Na chembe nyingi huwahi kurudi kabla uzi haujaanza. Maisha ya mgonjwa yamesimama juu ya mbio hizi. Na muda ule wa kungoja wategemea zaidi ya kila kitu ukolezi wa hemoglobini ndani ya chembe: ukolezi ukizidi kidogo tu, muda hupungua mara nyingi sana. Maji yakipungua mwilini, chembe nayo hupungukiwa na maji, na hemoglobini hukolea. Hivyo kikombe cha maji kwa mtoto huyu si kiburudisho, ni tiba.

Na baridi? Hapa turejee ile chupa yetu, nasi tukiri kwamba mfano wetu ulitupoteza. Tulidhani baridi ya Kitale yaigandisha hemoglobini kama ilivyoyagandisha mafuta. Kijana yule alitusahihisha kwa upole. Hemoglobini hii haigandi kwa baridi kama nazi. Bali baridi yaibana mishipa ya mikono na miguu, damu ikakawia huko, na kukawia kwake ndiko kunakozipa nyuzi nafasi ya kukua. Mama akakumbuka kwamba maumivu ya mwanawe yalizidi tangu walipohamia Kitale kwa ajili ya biashara. Wala si lazima wahame tena. Ni sweta, soksi, maji ya moto ya kuogea, na kutomwacha acheze mvuani.

Chembe iliyopinda mara nyingi hudhoofika. Chembe nzima huishi kiasi cha siku 120; hii huishi kiasi cha siku 10 hadi 20. Kwa kufa haraka damu hupungua, na mabaki yake ndiyo hugeuza macho manjano. Zinapokwama mifupani, ndiyo yale maumivu. Kwa mtoto mchanga aghalabu dalili ya kwanza ni kuvimba viganja na nyayo, tena baada ya miezi sita ya mwanzo, kwa kuwa kabla ya hapo angali na hemoglobini ya tumboni mwa mamake, ambayo haiingii katika zile nyuzi. Wengu huharibika mapema, na mtoto hukosa mlinzi wake. Homa kwake ni jambo la kukimbilia hospitali saa ileile, si la kungoja kesho wala la kutafutiwa azima kwanza. Kusoma dua hatukukatazi, na sisi wenyewe twasoma. Lakini msomaji asiwe ukuta kati ya mtoto na tabibu.

Tena tuna aibu yetu ya kuieleza. Miaka kadhaa iliyopita, katika chuo tunachosomesha, palikuwa na mwanafunzi wa miaka tisa mwenye maradhi haya. Wenzake walifunga Ramadhani, naye akataka kufunga, tukamsifu mbele ya watoto wote. Siku ya nne alianguka. Alilazwa siku nane. Hapana aliyetulaumu, na hilo lilikuwa zito kuliko lawama. Mtoto asiyebaleghe hana faradhi ya saumu. Na aliyebaleghe, ikiwa tabibu mwaminifu amesema kwamba kukaa bila maji kwamdhuru, ana ruhusa ya mgonjwa. Na wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamesema kwamba mwenye maradhi yasiyotarajiwa kupoa hutoa kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku aliyokula. Ruhusa imewekwa itumiwe. Twawaomba walimu wenzetu wasirudie tulilolifanya.

Sasa tuje kwenye yale maneno, "sisi kwetu hatuna."

Mwaka 1949 kijana mmoja aliyelelewa Kenya, jina lake Anthony Allison, ambaye alikuwa akisoma Oxford, alizunguka nchi hii akikusanya damu za watu wa makabila mbalimbali. Aliona kwamba wenye hemoglobini hii ni wengi kando ya Ziwa Victoria, na ni wengi vilevile pwani. Na katika nyanda za juu ni wachache. Akajiuliza kwa nini, akaona kwamba palipo na malaria nyingi ndipo ilipo. Mwaka 1954 akachapisha hoja yake, ambayo imethibitishwa mara nyingi tangu wakati huo: mtu aliyerithi hemoglobini hii kwa mzazi mmoja tu, yule mbebaji asiye mgonjwa, hukingwa na malaria kali. Utafiti uliofanywa Kilifi, hapa hapa pwani, umeonyesha kwamba ubebaji hupunguza malaria kali kwa kiasi cha asilimia 90. Basi Bungoma yenye mbu na pwani yenye mbu ni ndugu katika jambo hili. Na ng'ambo pia: liko Oman, liko mashariki ya Saudia, liko Bara Hindi. Mwenye kudai kwamba nasaba yake imetoka Arabuni, hapo hajapata kimbilio.

Jinsi kinga hiyo inavyofanya kazi ni jambo la mpangilio wa ndani pia. Kimelea cha malaria kikiingia katika chembe nyekundu, hujitengenezea njia za kupitishia mizigo kwa kuiba nyuzi za ukuta wa chembe yenyewe, kikapeleka juu yake utomvu wa kunatia, ili chembe ishikamane na mishipa, hata ya ubongo. Mwaka 2011 wataalamu wa Heidelberg, Ujerumani, walionyesha kwamba katika chembe zenye hemoglobini hii njia hizo huwa zimevunjika-vunjika, na mzigo haufiki sawasawa. Hila ya kimelea yaharibiwa na ugeni wa nyumba aliyoingia. Ila mtu asifahamu vibaya: mbebaji aweza kuugua malaria, na chandarua chamhusu. Na yule mtoto mgonjwa mwenyewe, malaria kwake ni hatari kubwa, naye hupewa dawa ya kumkinga.

Katika urithi hesabu ni hii. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina sehemu moja katika nne ya kuwa ya mtoto mgonjwa, sehemu mbili za mbebaji, na sehemu moja ya aliye huru kabisa. Kila mimba huanza hesabu yake upya; si kwamba akishapatikana mmoja mgonjwa basi watatu wafuatao wamesalimika. Mbebaji akioana na asiye mbebaji, hapatikani mtoto mwenye maradhi haya kwa hemoglobini hii. Kwa hivyo mtoto yule wa Kitale amepata nusu kwa mamake na nusu kwa babake, mizani sawa, wala hapana mmoja wa kumhukumu mwenziwe. Kile kipimo cha kioo hakitofautishi mbebaji na mgonjwa. Hivyo wote watatu walipimwa tena kwa umeme, na jawabu likawa hilohilo.

Tiba ipo. Iko penisilini ya kukinga watoto wadogo, na chanjo, na iko dawa iitwayo haidroksiurea, ambayo hurudisha ile hemoglobini ya utotoni na kuzipa chembe maji zaidi, kwa hivyo nyuzi huchelewa. Watu waliogopa kwamba haitafaa Afrika penye malaria. Ikajaribiwa kwa watoto katika nchi nne, zikiwamo Kenya, huko Kilifi, na Uganda, huko Mbale, ng'ambo ya Mlima Elgon kutoka Bungoma; na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba maumivu yalipungua, na malaria pia, na vifo pia. Mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kurekebisha nasaba ndani ya chembe, lakini bei yake Marekani yapita dola milioni 2, na sisi twaandika kwa ajili ya watu wanaohesabu nauli ya kwenda Bungoma.

Ama katika ndoa, hatusemi kwamba ni haramu mbebaji kuoa mbebaji. Saudia tangu mwaka 2004 imelazimisha wachumba kupimwa kabla ya nikahi, wala haikuwakataza kuoana; imewataka wajue tu. Sisi watu wa pwani twapenda kuoana binamu kwa binamu, na waliotokana na babu mmoja ni wepesi zaidi kukutana katika urithi mmoja. Tunaoozesha tungeweza kuuliza karatasi hii kama tunavyouliza mahari. Kipimo ni tone la damu. Na mwenye kukuta kwamba ni mbebaji asifichwe wala asiaibishwe, kwa kuwa aibu ndiyo itakayowafanya watu wafiche.

Bwana yule hakuitaja tena karatasi ya talaka. Wakati wa kuagana alituomba tumwandikie barua mamake, kwani yeye mwenyewe hakuwa na uso. Tukaandika mistari michache, tukataja kioo cha tatu. Baada ya wiki tatu bibi yule alikuja mwenyewe chuoni kwetu, ameshika barua, akaketi barazani. Hakuuliza habari za mkwewe. Alitaka kujua kipimo chenyewe hufanywa wapi hapa mjini, na kama mtu wa umri wake aweza kupimwa. Kisha akasema, "Basi hii ya mwanangu, Shehe, ameitoa kwangu au kwa marehemu babake?"

Tukampeleka maabara asubuhi ya pili yake.